Upatu wa Masomo

Mwanne alikuwa amefundisha uchoraji wa kiufundi kwa miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza ana karatasi gani. Walichouliza ni kama mstari wake umenyooka, na mstari wake ulinyooka. Kisha chuo kikabinafsishwa. Ikaja bodi mpya, ikaja rangi mpya ukutani, kikaja kiyoyozi ofisini kwa mkuu, na mwanzoni mwa mwaka 2003 likaja tangazo kwenye ubao wa walimu: kufikia tarehe thelathini Juni 2005, mkufunzi asiye na shahada hatapewa kipindi. Mwanne alikuwa na stashahada. Alilisoma tangazo mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akalisoma mara ya tatu. Tatizo halikuwa miwani.

Akaomba likizo ya masomo, akanyimwa. Yaani usiposoma unafukuzwa, na ukitaka kusoma huruhusiwi kutoka. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiitwa mageuzi siku zile, na sisi wengine tulikuwa tunapiga makofi.

Kilichomwokoa, au alichodhani kimemwokoa, ni intaneti. Kulikuwa na chuo kikuu kimoja ng'ambo kilichokuwa kinatoa shahada ya usanifu wa mifumo kwa kompyuta, miaka miwili, bila mtu kupanda ndege. Unasoma, unaandika, unatuma, unasahihishwa. Kwa mtu wa Gerezani, Dar es Salaam, mwenye kipindi asubuhi na kingine jioni, ilikuwa kama wameikata kwa kipimo chake.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kwa Nilesh, Mtaa wa Narung'ombe. Duka lile lilikuwa la baba yake, Mzee Hasmukh, na lilikuwa la vitambaa. Milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaingia kwa meli, na nani atashonesha gauni wakati lililoshonwa lipo chini kwenye turubai? Nilesh aling'oa rafu, akapanga kompyuta nane, akaweka dishi juu ya bati. Mzee Hasmukh hakung'oka. Kila asubuhi alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, akiwakaribisha vijana waliokuja kufungua barua pepe kwa adabu ileile aliyokuwa akiwakaribishia waliokuja kununua poplini.

Kasoro ilikuwa moja. Ukurasa ulifunguka taratibu mno, nusu picha, kisha robo nyingine, kisha umeme unakatika. Kwa saa alizoweza kulipia, Mwanne angemaliza somo la kwanza akiwa ajuza. Hapo ndipo akamkumbuka mama yake.

Mama yake alikuwa kijumbe wa upatu wa mama lishe wa Gerezani kwa miaka ishirini. Kila mtu anajua upatu: wote wanatoa, mmoja anapokea, wiki nyingine mwingine, mpaka mzunguko unafunga. Na kijumbe ndiye anayeshika orodha, anayekumbusha, na jambo likiharibika ndiye anayesimama mbele kuwasemea wote. Mwanne akajiuliza, kama sufuria na makochi yamepatikana kwa njia hiyo, kwa nini isipatikane shahada?

Akapata wenzake wanne, kila mmoja amejiandikisha kwa jina lake kwenye kozi ileile. Zakayo, fundi wa vipuri Gerezani, mtu wa Masasi, ambaye aliweza kukuchongea bushi ya lori kwa kuitazama tu. Sitara, mchoraji wa ramani katika ofisi ya mkandarasi kule Posta. Leodegar, mwalimu kijana wa chuoni kwao. Na Nirali, dada yake Nilesh, aliyekuwa anakaa kaunta. Nirali alifaulu kidato cha sita vizuri kuliko kaka yake, lakini uwezo wa familia ulitosha kumsomesha mtoto mmoja tu India, na nadhani hakuna haja ya kusema alipelekwa nani.

Utaratibu ulikuwa hivi. Saa za kompyuta za watu watano anapewa mmoja. Wiki hiyo anasoma sura nzima, kwa niaba ya wote. Jumapili wanakutana stoo, nyuma ya duka, anawafundisha wenzake. Wakishaelewa, kila mtu anaandika kazi yake kwa maneno yake na kuituma. Wiki inayofuata zamu inahama.

Wee, walisoma! Zakayo, aliyekuwa akisema Kiingereza kinamkwama kooni kama mwiba wa samaki, alifundisha sura ya nne mpaka Sitara akapiga vigelegele. Unapojua kwamba Jumapili watu wanne watakukodolea macho, husomi kwa kupitisha macho. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanne aliyekuwa amefundisha miaka kumi na sita alijiona kwa mara ya kwanza yumo ndani ya darasa la kweli, na darasa lenyewe halikuwa na dirisha.

Na kozi yenyewe ilisema hivyohivyo. Ilirudia kila sura kwamba usitazame kitu kimojakimoja, tazama vinavyogusana. Kwamba ugonjwa unaouona hapa mara nyingi umeanzia kule. Kwamba msanifu anayechora sehemu peke yake anachora uongo. Mwanne aliyapenda maneno hayo kuliko alivyowahi kupenda maneno ya kitabu chochote cha shule. Aliyanakili kwa mkono.

Katika muhula wa mwisho waliambiwa watafute jambo linaloharibika katika mji wao na kuonyesha chanzo chake. Wao wakachagua nyanya. Kila alfajiri malori yanashusha matenga ya nyanya Kariakoo, na kila alfajiri za chini zimepondeka, zinamwagwa. Wauzaji wanamlaumu dereva. Dereva anailaumu barabara. Watano wale wakakaa sokoni wiki tatu. Zakayo akahesabu matenga, Nirali akahoji wauzaji, Leodegar akapanda lori mpaka Morogoro na kurudi, na mwisho wakauona mzunguko: ushuru unatozwa kwa tenga, si kwa kilo, basi mkulima analijaza tenga lumbesa, linafura juu kama kilemba, uzito unaponda za chini, mnunuzi akiona uharibifu anashusha bei, na mkulima akishushiwa bei anajaza lumbesa zaidi ili kufidia. Hakuna mwizi hapo, na nyanya zinaoza. Wakauchora mzunguko huo pamoja juu ya karatasi ya kaki iliyokuwa ikifungiwa majora ya vitambaa, wakibishana kila mshale uelekee wapi, na ulipokamilika wakarudi nyuma hatua moja kuutazama. Walikuwa wameutazama mji wao maisha yao yote na leo ndiyo wameuona.

Kila mmoja akaandika insha yake. Mchoro ukawa mmoja, maana soko ni moja.

Alama zilikuja mwezi Machi, na zilikuwa nzuri mno. Mwanne alipata themanini na nne. Ilibaki kazi moja tu ndogo, na tarehe thelathini Juni ingemkuta na shahada. Siku hiyo alinunua kuku.

Barua ya pili ilikuja baada ya siku kumi na moja, kila mtu kwenye sanduku lake la barua pepe. Wanafunzi watano wa Dar es Salaam, ilisema, wamewasilisha mchoro unaofanana mshale kwa mshale, kutoka kwenye anwani moja ya intaneti. Kila mwanafunzi ajieleze peke yake ndani ya siku saba: je, kazi hii umeifanya wewe mwenyewe?

Jumapili wakakutana stoo. Nirali aliketi juu ya boksi la printa, mikono mapajani.

"Oya, tusijichanganye," akasema Zakayo. "Kila mtu akajibu kwa kifupi: ndiyo, nimefanya mwenyewe. Insha zetu ziko tofauti. Picha inafanana kwa sababu tumechora soko lilelile. Anwani ni moja kwa sababu mtaa mzima una kafe moja. Basi. Usiongeze hata nukta."

"Lakini si tulifanya pamoja?" akauliza Mwanne.

"Tulifanya pamoja, dada. Sasa wao wameuliza kama tulifanya pamoja? Wameuliza kama nilifanya mimi. Mimi sikufanya? Nani alikaa pale sokoni anahesabu matenga mpaka akaungua jua?"

"Ni kweli," Sitara akasema. "Hatukumwibia mtu."

"Ndiyo maana tuseme ukweli wote," akasema Mwanne. "Msema kweli mpenzi wa Mungu."

"Wa Mungu, sawa," Zakayo akajibu. "Hawa je, wanatujua? Wao wanaona kompyuta tu. Hawatuoni sisi."

Leodegar akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye hofu. Wakakubaliana. Au niseme wanne walikubaliana, na Mwanne akanyamaza, nao wakakichukulia kimya chake kuwa ndiyo. Kwa kawaida ndivyo kinavyochukuliwa.

Lakini moyo wake haukutulia. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilimkasirisha, kwa sababu hakuwa ameiba. Kukana walichokifanya kulikuwa ni kukiri kwamba kilikuwa kichafu, na kwake yeye hakikuwa kichafu, kilikuwa ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvifanya kwa akili yake. Na tena, yeye si ndiye kijumbe? Mama yake hakuwahi kuwaacha wanachama wajieleze mmojammoja kwa mjumbe wa nyumba kumi; alijifunga kanga kiunoni akaenda mwenyewe. Na wale walimu wa ng'ambo, wanaofundisha mchana na usiku kwamba kitu hakieleweki kikitengwa na vingine, wakionyeshwa watu waliojifunza bila kutengana, wataacha kuelewa?

Jumatano, baada ya kipindi cha jioni, akaandika. Aliandika kwa Kiingereza chake cha shuleni, sentensi fupi zilizonyooka. Akaeleza upatu ni nini na jinsi zamu zinavyozunguka, akataja nani alifundisha sura ipi. Akaweka majina yote matano, kwa heshima, kila mmoja na kazi aliyoifanya, ili asimpunje mtu sifa yake. Mwisho akachora: duara tano, mishale ikitoka kwa huyu kwenda kwa yule na kurudi, na chini yake akaandika kwamba huu ndio mfumo wetu. Ulikuwa mchoro safi sana. Nilesh akauskani bila kuusoma, wakautuma, na Mwanne akatembea mpaka nyumbani mwepesi, kama mtu aliyetua tenga.

Majibu yalikuja siku ya tisa.

Aliyasoma kwenye kompyuta ya mwisho, karibu na ukuta. Ilikuwa barua ya adabu. Hawa watu wana adabu, hilo tusiwanyime. Walimshukuru kwa ukweli wake. Walimwarifu kwamba maelezo ya wanafunzi wengine wanne yalikuwa yamepokelewa, yametazamwa na kuridhiwa, na suala lao lilikuwa limefungwa. Aidha, yeye mwenyewe, kama angetuma maelezo ya namna ile, suala lake lingefungwa vilevile. Lakini kutokana na barua yake, kamati imelazimika kulifungua upya kwa wote. Mchoro alioambatanisha ulikuwa umeeleza mpangilio wa udanganyifu kwa uwazi mkubwa na ulikuwa umeisaidia kamati kufikia uamuzi. Wanafunzi wote watano wameondolewa katika masomo. Alama zote za miaka miwili zimefutwa. Rufaa hakuna.

Mwanne akaisoma mpaka dakika zake zikaisha na kioo kikajifunga chenyewe. Nilesh akauliza kutoka kaunta kama aongezewe nusu saa. Akatikisa kichwa. Alikuwa analirudia neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "udanganyifu", na alishangaa jinsi lilivyokaa vizuri juu ya zile duara tano, kana kwamba alizichora kwa ajili yake.

Barua za wenzake zingefika Jumatatu. Angeweza kukaa kimya wakadhani kamati imegundua yenyewe. Nasema kweli, wazo hilo lilimjia, na likakaa naye usiku kucha. Lakini Jumapili alikwenda stoo akawaambia yote, amesimama, kwa sababu hakuona haki ya kuketi.

Sitara alitoka nje, na viatu vyake vilisikika mpaka barabarani. Leodegar alishika kichwa. Naye alikuwa hana shahada. Tangazo la ubaoni lilikuwa lake pia, na hilo Mwanne alikuwa amelisahau kabisa wakati wa kuandika, na sasa alilikumbuka.

Nirali ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, mimi walikuwa wameshanijibu. Waliniandikia suala limekwisha. Baba alinunua jalebi za kusherehekea. Nilikuwa nasubiri leo niwaambie wote pamoja."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui nitamwambiaje baba."

Zakayo alikuwa ameinama, anazungusha kifuniko cha kalamu kidoleni. Mwanne alitamani afoke. Akifoka, angalau kutakuwa na kelele ya kujificha ndani yake.

"Dada Mwanne," akasema hatimaye, "upatu mimi naujua. Mke wangu anacheza, mama yangu kacheza. Kijumbe anawasemea watu, ndiyo. Lakini anawauliza kwanza. Ungetuuliza tu."

Ulimi uliponza kichwa, Waswahili wanasema, lakini ulimi wa Mwanne ulikuwa umeponza vichwa vitano, na vinne havikuwa vyake. Mama yake, ambaye Mwanne alikuwa amemwiga kwa fahari kubwa, kweli alikuwa akiwauliza. Alizunguka sufuria kwa sufuria, asubuhi nzima, akiwauliza. Mtoto alikuwa akiona tu pale alipojifunga kanga.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja stoo. Nirali alibaki kaunta, akimsalimia Mwanne kwa heshima anapopita mtaani, na heshima ile ilikuwa inauma kuliko matusi.

Mwezi Juni mkuu wa chuo, Bwana Augustino, alimwita ofisini. Mwanne alikwenda akiwa amevaa vizuri. Mtu huzikwa na sanda safi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliagiza chai, akamuuliza hali ya mama, akazungushazungusha kikombe.

"Mwalimu, shahada vipi?"

"Haikufika, mkuu."

"Pole sana. Basi unajua utaratibu. Na mwenzako Leodegar hivyohivyo." Akavuta faili. "Ila mimi sikutaka uondoke hivihivi, mtu wa miaka yako. Sikiliza. Kuanzia Julai uchoraji na usanifu hatutafundisha sisi tena. Tumeingia ubia na chuo cha nje, wanafunzi watasoma moja kwa moja kwa kompyuta. Kompyuta thelathini zimeshafika bandarini. Walimu hatuhitaji, lakini msimamizi wa chumba tunahitaji."

Akamsogezea kijitabu cha matangazo. Mwanne aliitambua nembo kabla hajavaa miwani. Ilikuwa juu ya barua iliyomfukuza.

"Kazi nyepesi," mkuu akaendelea. "Unafungua mlango, unawakalisha, kila mwanafunzi na kompyuta yake. Cha muhimu ni kuhakikisha hawasaidiani. Wenzetu wako wakali sana kwenye hilo, sijui kwa nini. Wanasema waliwahi kupata shida na watu wa huku."

Mwanne aliitazama chai yake. Kodi ya chumba ilikuwa ileile, mama alikuwa na sukari na dawa zake, na Bongo hakuna mtu anayemngoja mtu. Alitaka kusema hapana. Alilisikia neno likiwa tayari kinywani, na akasikia likirudi chini.

"Nashukuru, mkuu," akasema.

Sasa yuko pale, chumba namba sita, kwenye kiti kando ya mlango. Vijana thelathini wanakaa wamempa migongo, na kila mmoja ana ukuta mdogo wa ubao kulia na kushoto kwake. Hakuna anayemuuliza kitu kuhusu mstari. Wakikwama wanaiandikia kompyuta, nayo inawajibu kesho yake.

Wiki ya tatu, msichana mmoja anayeitwa Mektilda alikwama. Mwanne alimwona alivyokwama, kwa jinsi mabega yalivyopanda. Mwalimu huona kwa mgongo. Nusu saa nzima ukurasa haukusogea. Kisha jirani yake, binti mwembamba wa Mbagala, akajisogeza nyuma ya ule ukuta wa ubao, akachukua kalamu, akaanza kumchorea pembeni mwa daftari, akinong'ona, "Hapana, anza huku. Hiki kinamsukuma huyu, huyu akisukumwa anamrudia yule. Umeona?" Alikuwa anaeleza vizuri sana. Alikuwa anaeleza vizuri kuliko kompyuta, na vizuri kuliko Mwanne mwenyewe, na Mektilda mabega yake yalishuka, akasema "Aaa!" kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa mlango.

Mwanne alikuwa ameshasimama nyuma yao. Alisimama kwa muda, akisikiliza. Aliona mshale mmoja umekosewa na kidole chake kiliwasha kuunyoosha.

"Geukeni," akasema. "Kila mtu na kioo chake."

"Samahani, mwalimu," wakasema wote wawili, wakageuka.

Akarudi mlangoni, akaketi, akachukua fomu ya kuripoti wanaosaidiana, aliyoagizwa kuijaza kila siku. Akawauliza majina yao kamili kutoka pale alipokaa, nao wakayataja bila kugeuka, na akayaandika yote mawili.